Mwongozo wa Kuandaa Warsha ya Walimu ya Kutengeneza Vigunduzi vya Miale ya Kosmiki Mjini Malindi

Kiganja cha mkono kikilazwa juu ya meza mjini Malindi hupitiwa na muoni moja hivi (chembe ndogo yenye chaji, jamaa mzito wa elektroni) kila sekunde, usiku na mchana, iwe mvua au jua. Muoni hizo huzaliwa angani, yapata kilomita 15 juu ya vichwa vyetu, pale ambapo protoni zinazotoka mbali nje ya mfumo wa jua hugonga viini vya naitrojeni na oksijeni. Victor Hess alipopanda kwa puto mwezi wa Agosti 1912 hadi zaidi ya mita 5,000 na kukuta kwamba mionzi inaongezeka badala ya kupungua, alithibitisha kwamba asili yake haimo ardhini. Alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1936, mwaka uleule ambao Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliitambua muoni. Hata hivyo, mwalimu wa fizikia wa sekondari hufundisha mrija wa Geiger (bomba la gesi linalotoa mpigo wa umeme chembe ikipita) na chemba ya mawingu (sanduku la mvuke unaochora njia ya chembe) kwa mchoro wa kitabuni tu, na mara nyingi yeye mwenyewe hajapata kuvigusa.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandaa warsha ya siku mbili kwa walimu wa Malindi, Magarini, Watamu na vitongoji vyake. Shabaha yake ni kwamba kila mwalimu aondoke na chombo kinachofanya kazi, na ajue namna ya kutambua wakati ambapo chombo hicho kinamdanganya. Sehemu ya kwanza ya shabaha hiyo hupatikana kwa fedha na waya. Ya pili ndiyo inayohitaji warsha, na ndiyo iliyopewa nafasi kubwa humu.

Kuchagua kigunduzi kinachostahimili pwani

Chemba ya mawingu inapendeza kuliko vyote kwa sababu mtu huiona njia ya chembe kwa macho yake, lakini inahitaji barafu kavu, na barafu kavu haingoji ratiba ya mtu. Vigunduzi vikubwa vya plastiki inayotoa mmweko wa mwanga chembe ikiipita, vyenye mirija ya kukuza mwanga, ni bora kwa vipimo ila bei yake inafaa chuo kikuu. Vipo pia vigunduzi vidogo vya mezani vyenye kipande cha plastiki hiyo na kihisi cha mwanga cha silikoni, kama kile cha CosmicWatch kilichobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambacho vifaa vyake hugharimu takriban dola 100. Ni kizuri sana, na mwenye uzoefu wa kulehemu vipande vidogo asisite kukitumia. Kwa walimu ambao wengi wao hawajawahi kushika pasi ya kulehemu, mimi napendekeza mirija miwili ya Geiger iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Ni ya bei nafuu, kanuni yake imo kwenye mtaala, na makosa yake huonekana waziwazi, jambo ambalo katika mafunzo ni faida.

Mrija unaoaminika kwa kazi hii ni SBM-20, bomba la chuma lenye urefu wa milimita 108 na kipenyo cha milimita 10, linalofanya kazi vizuri katika volti 400. Mirija ya kioo ya aina ya J305 nayo hufaa, ila izungushiwe utepe mweusi, kwani baadhi ya mirija ya kioo huathiriwa na mwanga.

Wakati, mahali na idadi ya watu

Warsha iwe ya siku mbili mfululizo, kwa sababu vipimo vyenye maana hufanywa usiku walimu wakiwa wamelala. Likizo ya Agosti ndiyo bora: kusi inavuma, joto limepungua, na mvua za masika zimekwisha. Chagua siku za katikati ya wiki, ili usigongane na sala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili, na uangalie kalenda ya Kiislamu kabla ya kutangaza tarehe. Barua ya mwaliko ipitie kwa mwalimu mkuu wa kila shule na nakala ifike ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kwa kuwa mwalimu aliyekuja kwa siri hawezi kudai nafasi ya maabara atakaporudi.

Walimu 16 wanatosha. Waalike wawili kutoka kila shule, wafanye kazi kwa jozi, na kila jozi iondoke na chombo kimoja. Maombi yatazidi, na utashawishika kuongeza viti. Kataa kwa heshima, kwa maana jozi ikigeuka kuwa kundi la watu wanne, wawili watajenga na wawili watapiga picha. Nunua vifaa vya seti 10: nane za kugawa, mbili za akiba.

Chumba kiwe maabara au darasa lenye kufuli la kuaminika, kwa kuwa vyombo vitalala humo vikihesabu. Paa liwe la mabati au makuti, si kitu. Muoni ya kawaida hufika usawa wa bahari ikiwa na nishati ya takriban GeV 4 (elektronivolti bilioni nne), na paa haliizuii. Kilicho muhimu ni kwamba chombo kisihamishwe kutoka chumba kimoja hadi kingine katikati ya kipimo.

Vifaa, na kuvijaribu kabla ya mtu yeyote kufika

Kila seti ina mirija miwili, vizalishi viwili vya volti 400 vinavyopokea volti 5, bodi moja ya Arduino Nano (kompyuta ndogo ya kuhesabu mapigo), rezista na transista chache, waya, na sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Agiza mirija miezi mitatu kabla, maana huja kwa posta kutoka nje na ushuru wa forodha una mwendo wake. Sanduku, skrubu, utepe na mbao zipo madukani mjini Malindi. Fundi seremala akutengenezee stendi inayoinama, yenye ubao wa kuzunguka juu ya msumari mmoja. Bandika karatasi iliyochorwa nyuzi za pembe (digrii) pembeni yake na utundike timazi ndogo, ili pembe isomwe kutoka kwa uzi wenyewe badala ya kukadiriwa na jicho.

Jaribu kila seti nyumbani kwako kwa usiku mzima kabla ya warsha. Mambo matatu ndiyo husumbua pwani, na yote matatu hayaonekani katika maelekezo yanayotoka nchi za baridi.

La kwanza ni chumvi. Rezista ya anodi (ncha ya mrija inayopokea volti ya juu) ni ya megaohm 5, kwa hiyo mkondo mdogo sana wa umeme unaopenya juu ya ubao wenye unyevu, jasho la vidole au mabaki ya dawa ya kulehemu unatosha kuzaa mapigo ya uongo. Baada ya kulehemu, safisha ubao kwa pombe ya isopropili na mswaki mpya, uuache ukauke, usiuguse tena kwa kidole, kisha uufungie sandukuni pamoja na vifuko vya silika, vile vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chombo kinachohesabu mara 25 kwa dakika asubuhi na mara 300 jioni upepo wa bahari unapoingia hakijagundua jambo jipya angani.

La pili ni pawabenki. Stima ikipotea usiku, kipimo kizima hupotea nayo, ndiyo maana tunatumia pawabenki. Lakini nyingi zimetengenezwa kuchaji simu, na zikiona mkondo ni mdogo mno hudhani simu imejaa, zikajizima. Chombo chetu hula mkondo mdogo. Dawa yake ni kuunganisha rezista ya ohm 50 yenye uwezo wa wati 1 kati ya volti 5 na ardhi ya saketi, ili ile miliampia 100 ya ziada iifanye pawabenki isilale. Rezista hiyo itapata moto kidogo, hivyo ikae mbali na mirija. Hesabu chaji pia: pawabenki ndogo iliyochoka haitafika asubuhi.

La tatu ni kupima volti. Mita ya kawaida ina ukinzani wa megaohm 10, na kizalishi chetu ni dhaifu kiasi kwamba mita yenyewe inakishusha. Ukisoma volti 280, usikimbilie kukiongeza. Ama tumia rezista ya gigaohm 1 mbele ya mita na upige hesabu ya mgawanyo, ama acha mrija wenyewe ukuambie: pandisha volti polepole huku ukihesabu mapigo, na utaona idadi inaanza ghafla, kisha inatulia mahali fulani, ambapo kuongeza volti hakubadilishi sana. Kwa SBM-20 utulivu huo uko kati ya volti 350 na 475. Kaa katikati yake.

Kuhusu usalama, volti 400 za kizalishi hiki zina mkondo mdogo mno kumdhuru mtu mzima mwenye afya, lakini hupiga kwa uchungu na mtu huangusha alichoshika. Ni kawaida nzuri kuzima, kusubiri kapasita ziishe chaji, na kutumia mkono mmoja tu. Chanzo chochote cha mionzi cha maabara hakihitajiki, na usikiagize: vyanzo hivyo nchini Kenya viko chini ya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA, na mbingu zinatupatia chembe bila leseni.

Siku ya kwanza asubuhi: kujenga

Anza kujenga saa mbili na nusu, bila hotuba ndefu. Salamu, mpangilio wa siku, usalama, kisha mikono kazini. Nadharia ikitangulia, itakula asubuhi yote, na mwalimu aliyeketi kwa muda wa saa mbili akisikiliza habari za kwarki ataijia pasi ya kulehemu akiwa amechoka. Chai na mahamri yaje saa nne, mezani mbali na saketi, na kila mtu anawe mikono kabla ya kurudi.

Mpangilio wa kuunganisha ni huu. Kwanza bodi ya Arduino, iliyokwisha kupakiwa programu, ihakikishwe kuwa inawaka. Kisha rezista ya megaohm 5 iunganishwe karibu kabisa na ncha ya anodi ya mrija; waya mrefu kati yake na mrija huongeza chaji inayomwagika katika kila mpigo na kufupisha maisha ya mrija. Usilehemu juu ya mrija wenyewe, kwa sababu joto huvunja muhuri wa gesi. Tumia klipu za fyuzi. Upande wa katodi, mpigo upite kwenye rezista hadi transista, na transista iushushe mguu wa Arduino kutoka volti 5 hadi sifuri. Mrija wa kwanza uende pini 2, wa pili pini 3, ambazo ndizo pini za Nano zinazoweza kuikatiza programu papo hapo na kuandika wakati wa mpigo.

Wape walimu programu iliyokwisha kuandikwa, lakini uipitie pamoja nao mstari kwa mstari. Inafanya kazi tatu tu: inahesabu mapigo ya mrija A, inahesabu mapigo ya mrija B, na ikiona mapigo ya mirija yote miwili yamepishana kwa chini ya maikrosekunde 100, inaongeza moja kwenye hesabu ya tatu. Hesabu hiyo ya tatu tutaiita mapigo pacha. Saa ya ndani ya Nano husoma kwa hatua za maikrosekunde 4, nayo inatosha.

Kabla ya chakula: mrija mmoja na somo la idadi

Chombo kikianza kulia, shangwe itapanda, na ndiyo nafasi ya somo la kwanza. Kila jozi ihesabu mrija mmoja kwa dakika moja, mara kumi, na kuandika matokeo kwenye karatasi ya manila ukutani. Watapata namba kama 19, 27, 22, 31, 24. Uliza ni nani aliyekosea. Ukimya utakaofuata ni wa thamani, kwa kuwa walimu wengi tumefunzwa kwamba jaribio jema hurudia jibu lilelile. Hapa hakuna aliyekosea. Matukio yanayotokea bila mpangilio hutawanyika, na mtawanyiko wake ni kipeuo cha pili cha idadi: ukihesabu 25 tarajia kuyumba kwa 5 hivi, ukihesabu 2,500 tarajia kuyumba kwa 50. Katika hali ya kwanza hitilafu ni asilimia 20, katika ya pili ni asilimia 2. Chora chati ya nguzo kutokana na dakika zote za ukutani, na umbo lake litajitokeza mbele ya macho yao.

Baada ya hapo, leta mfuko wa mbolea yenye potasiamu kutoka duka la agroveti na uuweke kando ya mrija. Idadi itapanda, kwa kuwa sehemu ndogo ya potasiamu yote duniani ni potasiamu-40, ambayo ni nururifu. Mwalimu kutoka upande wa Mambrui anaweza kuleta kifuko cha ule mchanga mweusi mzito unaoachwa na mawimbi, tuone kama una kitu. Swali linalotoka hapo ni la lazima: katika yale mapigo 25 ya kila dakika, mangapi yametoka angani, na mangapi yametoka ardhini, ukutani na kwenye mrija wenyewe? Mrija mmoja hauwezi kujibu. Waache waende kula wali wa nazi na swali hilo.

Alasiri: mapigo pacha

Hii ndiyo saa inayobeba warsha nzima, na usikubali ipunguzwe kwa sababu ya mgeni rasmi aliyechelewa.

Chembe ya beta kutoka kwa mbolea hupenya mrija mmoja kwa shida na mara chache hufikia wa pili. Muoni hupita yote miwili kwa wakati ambao saa yetu haiwezi kuutofautisha. Kwa hiyo, panga mirija miwili sambamba, mmoja juu ya mwingine, umbali wa sentimita 5, kisha utazame hesabu ya tatu peke yake. Kutokana na ukubwa wa mirija na idadi ya muoni katika usawa wa bahari, ambayo ni takriban moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, tunatarajia mapigo pacha yapungue kidogo kuliko moja kwa dakika, tuseme 50 kwa saa. Rudisha mbolea: mrija wa karibu utapiga kelele, na mapigo pacha hayatasogea kwa kiasi cha kuonekana.

Walimu wataridhika hapo. Wewe usiridhike. Waambie watenganishe mirija kwa mita 2, kwa kutumia waya mrefu, na waendelee kuhesabu. Sasa mapigo pacha yanapaswa kukoma karibu kabisa. Bahati nasibu pekee ndiyo inayobaki, na kiasi chake hukokotolewa: zidisha 2 kwa dirisha la muda kwa kasi ya mrija A kwa kasi ya mrija B. Kwa mapigo 25 kwa dakika kila upande na dirisha la maikrosekunde 100, jibu ni pigo pacha moja la uongo kila saa nane hivi. Chombo kinachoendelea kutoa mapigo pacha 50 kwa saa mirija ikiwa imetengana hakioni muoni hata moja. Mirija inaambukizana umeme. Mmoja ukilia, volti ya kizalishi hushuka na kupanda, na wa pili huiga. Ndiyo sababu ya kutumia vizalishi viwili badala ya kimoja, na ya kutolaza waya za mapigo bega kwa bega. Hata hivyo, angalau jozi moja itashindwa jaribio hili, na jozi hiyo ndiyo itakayojifunza zaidi. Mkalishe msaidizi wako pembeni yao, asiwafanyie, awaulize.

Mbinu hii ina historia ya karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Saketi ya kuchuja mapigo ya pamoja ilibuniwa na Mwitalia Bruno Rossi mwaka 1930, na mwaka 1933 alikuja nayo Asmara, Eritrea, akaipindisha mirija yake kuelekea mashariki na magharibi. Chembe zilizotoka magharibi zilikuwa nyingi zaidi, kwa sababu uga wa sumaku wa dunia hupinda chembe zenye chaji chanya zinazotoka nje. Kwa njia hiyo ilibainika, kama ilivyobainika mwaka uohuo huko Mexico, kwamba nyingi ya chembe hizo zina chaji chanya. Alipokuwa huko aligundua pia kwamba mirija yake iliyotenganishwa ilipiga pamoja mara nyingi kuliko bahati ilivyoruhusu, na akaandika hivyo: yalikuwa ni manyunyu ya chembe yanayoanguka juu ya eneo pana. Jaribio letu la mita 2 ni ndugu wa kipimo hicho.

Usiku: kupima pembe

Kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, vyombo vyote vinane vihesabu vikiwa wima. Saa tatu, mwandaaji na msaidizi wake wapindishe stendi: vyombo viwili nyuzi 30 kutoka wima, viwili nyuzi 45, viwili nyuzi 60 na viwili nyuzi 90, kisha wafunge mlango hadi saa moja asubuhi. Kila chombo hulinganishwa na hesabu yake chenyewe ya wima, kwa maana hakuna vyombo viwili vilivyopangwa sawasawa kwa milimita.

Upinde uwe wa ubavuni, yaani mirija ibaki mlalo na ile ya juu isogee kando ya ile ya chini kama inavyobingirika. Ukiinamisha kwa kuinua ncha moja ya mirija, chombo kitapokea pembe pana mno kwa kuwa mirija ni mirefu, na tofauti itafifia. Kosa hili ni rahisi kufanya usiku ukiwa na usingizi. Chora mshale kwenye stendi.

Siku ya pili: kusoma matokeo

Asubuhi mapema kila jozi iandike hesabu mbili tu ubaoni. Chukua mfano wa chombo cha nyuzi 60 kilichohesabu kama tulivyokadiria: 300 wima kwa saa sita, na 125 kwa saa kumi baada ya kupindishwa. Kwa saa moja ni 50 dhidi ya 12.5, yaani uwiano wa 0.25, na hitilafu yake, tukijumlisha vipeuo kwa njia ya kawaida, ni takriban 0.03. Idadi ya muoni hupungua kwa mraba wa kosaini ya pembe, na mraba wa kosaini ya nyuzi 60 ni 0.25 kamili. Nyuzi 30 inatarajiwa kutoa 0.75 na nyuzi 45 kutoa 0.5. Nyuzi 90 haitatoa sifuri, kwa sababu mirija ina upana na bahati nasibu ipo. Waache walimu waeleze wenyewe.

Jozi ambayo uwiano wake uko mbali isionewe haya. Irudie jaribio la mita 2 hapo hapo, kisha iangalie timazi, kisha ikague kama pawabenki ilijizima usiku. Kwa utaratibu huo sababu hupatikana mara nyingi.

Sasa ndiyo nadharia ikaribishwe, kwa kuwa ina pa kukaa. Muoni iliyotulia huishi wastani wa maikrosekunde 2.2. Hata ikienda kwa kasi ya mwanga, ingesafiri mita 660 tu kabla ya kuoza, nayo imezaliwa kilomita 15 juu. Zilizohesabiwa usiku zisingepaswa kufika Malindi, lakini zimefika, kwa sababu saa ya kitu kinachokimbia karibu na kasi ya mwanga huenda polepole kama Einstein alivyoonyesha mwaka 1905. Sijui somo lingine la sekondari ambamo uhusianifu, yaani nadharia hiyo ya Einstein, hupimwa kwa vifaa vinavyoenea kwenye sanduku la chakula.

Walimu wa hapa wanajua jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka hapo, ikawa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei. Ndani yake mlikuwa na vihesabu vya gesi vyenye volteji ya juu, vya ukoo mmoja na mrija wa Geiger. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002, na Rossi yuleyule wa Asmara ndiye aliyekuwa amemhimiza aanze utafutaji wa eksirei angani. Dakika kumi zinatosha kwa habari hii, na itakumbukwa.

Muda unaobaki kabla ya chakula cha mchana utumike kuandika somo moja la dakika 40 kwa kila jozi. Usikubali masomo yanayosema "kuwaonyesha wanafunzi kigunduzi". Somo liwe na swali, kipimo, na hitilafu yake.

Chemba ya mawingu, ikiwezekana

Ukipata barafu kavu kwa wauzaji wa gesi wa Mombasa au Nairobi, iwe ni onyesho la mwisho, na ratiba isiitegemee. Iko kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri na huyeyuka kuwa gesi ya kaboni dioksidi, kwa hiyo isafirishwe nyuma ya pikapu ndani ya sanduku la barafu la wavuvi lisilofungwa kabisa, kamwe si ndani ya matatu iliyofunga madirisha, na kamwe isitiwe kwenye chupa yenye kizibo, maana hupasuka. Glavu nene na madirisha wazi ni lazima. Chemba yenyewe ni sanduku la kioo lililopinduliwa juu ya bamba jeusi la alumini linalokaa juu ya barafu, na kitambaa kizito kilicholoweshwa pombe ya isopropili ya asilimia 99 kikiwa juu ndani yake. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa haifai. Ziba kingo vizuri, kwa kuwa unyevu wa Malindi hugeuka ukungu na theluji juu ya bamba. Mvuke wa pombe hiyo hushika moto katika joto letu la kawaida, hivyo pasi za kulehemu zizimwe. Baada ya dakika kumi hivi, mulika kwa tochi kutoka ubavuni: mistari myembamba iliyonyooka ni muoni, iliyopindapinda ni elektroni.

Baada ya warsha

Acha seti mbili za akiba mahali panapojulikana, pamoja na mtu mmoja anayeweza kulehemu, na fungua kundi la WhatsApp ambamo kila shule itatuma hesabu zake pamoja na picha ya timazi. Baada ya muhula mmoja, tembelea shule zote nane. Ukikuta chombo kimefungiwa kabatini, kosa huwa ni klipu iliyopata kutu au pawabenki iliyoazimwa.

Wapo watakaotaka kufuatilia mabadiliko ya mgandamizo wa hewa, kwa kuwa wamesoma kwamba muoni hupungua hewa ikiwa nzito. Ni kweli, lakini mabadiliko ya kila siku hapa karibu na Ikweta ni madogo mno kwa mirija miwili midogo, utawakatisha tamaa. Mradi unaostahili muhula mzima ni ule wa Asmara. Mirija ilazwe kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini, stendi ipindishwe nyuzi 45, siku moja kuelekea mashariki na siku inayofuata kuelekea magharibi. Kwa mapigo pacha 25 hivi kwa saa, shule inahitaji kama saa 100 kwa kila upande ili kufikia mapigo 2,500 na hitilafu ya asilimia 2. Zamu zibadilishwe kila siku saa ileile. Daftari moja lionyeshe saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hesabu ya mrija A, ya mrija B, mapigo pacha, na jina la mwanafunzi aliyegeuza stendi, na kila Jumatatu jaribio la mita 2 lirudiwe kabla ya hesabu ya wiki kuanza.